Herufi Mbili Alizozisikia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Bomani, mjini Tarime, macho yake yalipozimika. Watu walitushauri tufunge duka. Hatukufunga. Mimi nilishika cherehani, yeye akashika simu. Alijifunza kutumia ile sauti ya simu inayosoma kila anachokigusa kwenye kioo, na haikuchukua muda akawa ndiye anayejibu wateja, hata wale wa Nyangoto wanaoagiza sare za shule kwa ujumbe.

Siku moja niliagiza mota ya cherehani kwenye duka la mtandaoni. Kabla haijafika, nikiwa nakata kitambaa asubuhi, barua pepe ikaingia: mzigo wako umezuiliwa, bonyeza hapa uthibitishe namba za kadi ya benki, la sivyo oda inafutwa leo. Nembo ya duka ilikuwepo, rangi zake ni zilezile, na jina langu limeandikwa vizuri. Nikaacha mkasi, nikamsomea mume wangu, nikaanza kutafuta kadi kwenye mkoba.

"Subiri kwanza," akasema. "Nipe hiyo simu."

"Baba, ni wao. Anwani nimeiangalia."

"Wewe umeiangalia. Ngoja na mimi niisikilize."

Akaigusa anwani ya mtumaji, akaifanya simu iisome herufi kwa herufi. Jina la duka lile lina herufi em katikati. Simu ikataja herufi za mwanzo, ilipofika katikati ikasema, "Ar. En." Kisha ikaendelea.

Akainua uso. "Em iko wapi?"

Nikaichukua simu. Em niliiona pale pale. Nikaisogeza karibu, bado ni em. Nikazikuza herufi kwa vidole, ndipo nikaziona mbili: r na n, zimebanana mpaka zikafanana na m.

Nikamrudishia simu. Nikamwomba airudie, nikafumba macho na kusikiliza. Ar. En. Waziwazi kabisa.

"Uliisikiaje haraka hivyo?" nikamuuliza.

"Mimi sina kitu kingine cha kusomea," akasema, akacheka kidogo.

Ile barua hatukuibonyeza. Niliandika mwenyewe anwani ya duka ninayoijua, nikaingia kwenye akaunti yangu. Oda ilikuwa njiani, haina tatizo lolote.

Mota ilikuja na basi la Mwanza. Nilimwekea mapajani, akaipapasa taratibu, akanionyesha skrubu ya kuanza nayo.