Biskuti Tulizokatazwa Kununua

Binti yangu alitangaza marufuku hiyo jikoni, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Hakuomba. Alitangaza, mwiko mkononi, kana kwamba yeye ndiye aliyetuzaa mimi na baba yake.

"Mama, wewe usinunue. Papa naye asinunue. Kama hakuna mutu mwenye kuzitaka, zibakie pale ku meza."

"Na zikibakia?"

"Nitajua hazikuwa muzuri. Ninyi munanipenda, hamuhesabiki."

Nilikasirika. Miaka kumi na sita namlea, leo naambiwa sihesabiki. Lakini nilijua alikuwa akikumbuka nini. Mwaka uliotangulia, vijana wa parokia yetu hapa Mabanga walioka biskuti ziuzwe kwenye mnada baada ya misa ili wanunue ngoma za kwaya. Pakiti yake ilipoinuliwa, kanisa zima lilinyamaza, basi nikapaza sauti mimi. Nikataja bei. Hakuna aliyeniongezea. Nikajiongezea mwenyewe, kisha nikajiongezea tena, nikishindana na mimi peke yangu, mpaka mkatekista aliyekuwa anaongoza mnada akalazimika kukaa kwa kicheko. Nilidhani nimemsaidia mtoto. Kwa miezi mingi baada ya hapo hakugusa unga.

Mwaka huu vijana walikuwa wanatafuta pesa za spika, na yeye alikuwa na jambo lake. Alitaka kuanza kuuza biskuti shuleni saa ya mapumziko. Ila kabla ya kujaribu, alitaka kujua kama mtu asiye wa nyumbani kwetu, mtu asiyempenda wala kumwonea huruma, anaweza kuzitaka. Hilo tu.

Mnada wetu wa kanisani una sheria yake. Kila anayeongeza bei hutia nyongeza yake kapuni papo hapo, na harudishiwi hata akishindwa. Wa mwisho kuongeza ndiye anayebeba kitu. Padri anaupenda sana mnada huu, na ninaelewa kwa nini.

Nilitii marufuku. Sikununua. Nilimtuma jirani yangu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu marufuku haikutaja majirani. Nilimwekea noti mkononi Jumamosi, nyuma ya ua, tukinong'ona kama watu wanaoficha mbuzi wa wizi.

"Na nikizipata, biskwi ni za nani?" akauliza.

"Ni zako. Kula, gawa, fanya unavyopenda. Ila usiniangalie."

"Nisikuangalie?"

"Hata kidogo."

Alianza kuniangalia tangu Injili. Niligeuza uso kwa ukuta, nikaisikiliza homilia yote nikiwa nimeelekea huko.

Misa ilipokwisha, meza ikaletwa mbele. Pakiti za wengine zilikuwa na utepe na maua ya karatasi. Moja, naapa, ilikuwa ya biskuti za dukani zilizovuliwa karatasi zake, na mama mwenyewe akipokea pongezi bila haya. Za binti yangu zilikuwa katika mfuko mweupe uliofungwa kwa uzi. Alikuwa ameziokea katika sufuria yenye mchanga, juu ya makaa, na nyingine zilikuwa zimetoka na sura ya sikio. Mkatekista akauinua mfuko. Kimya. Kule kwenye kwaya binti yangu alitazama viatu vyake.

Jirani akataja bei, akaniangalia, akaenda kutia kapuni.

Mara sauti ikatoka nyuma kabisa. Alikuwa yule mtu wa chukudu, anayesukuma kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili na kutuletea magunia ya viazi toka sokoni. Aliongeza. Nilitaka kuruka. Huyu si ndugu, si jirani, hana deni la heshima kwetu. Jirani akaongeza, kwa kuwa nilimtuma kuongeza. Mtu wa chukudu akaongeza tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Binti yangu akainua kichwa, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona mwaka mzima.

Baada ya raundi ya tano jirani aliacha kwenda kapuni, akaja kwenye benchi langu, akainama.

"Mama, ile uliniachia imeisha. Nitie yangu?"

"Kaa chini," nikamwambia bila kufungua meno.

Niliridhika. Ashinde mtu wa chukudu, tena ndiyo vizuri zaidi. Kisha nikajiuliza, mtu huyu, ambaye wiki iliyopita alilalamikia bei ya kipande cha mpira wa gurudumu, noti hizo anazitoa wapi? Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapangusa jasho, na amekaa chini ya dirisha lililo wazi. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hajawahi kuona bei ikipanda bila kuuliza maswali, na siku hiyo hakuuliza lolote. Alipoona namtazama akaanza kusoma kitabu cha nyimbo. Alikuwa amekishika juu chini.

Basi ndipo nilipojua. Mimi na yeye tulikuwa tunapandishiana bei kwa pesa ya chakula cha nyumba moja.

Bado tungeweza kunyamaza, na mtoto asijue. Mtu wa chukudu alitakiwa tu kuchukua mfuko wake na kurudi nyuma akakae. Lakini mtu huyu, tangu ujana wake, kazi yake ni kupokea mzigo na kuufikisha kwa mwenyewe. Hajawahi kupoteza gunia hata moja, na anajisifia hilo. Akauchukua mfuko, akakata kanisa lote kwa hatua za mtu wa kazi, akasimama mbele ya mume wangu, akamwekea magotini.

"Papa, muzigo yako hii. Na feza yenye ilibakia, hii hapa."

Kanisa lilicheka hadi madirisha yakatikisika. Jirani yangu, akiona kwamba saa ya ukweli imefika, akainua mkono na kusema hata yeye alikuwa wa kutumwa. Mimi sikucheka. Nilimwona binti yangu akijificha nyuma ya msichana mrefu wa sauti ya pili, na niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Tulikuwa tumemfanyia jambo lile lile, safari hii wawili.

Mume wangu akasimama, akaurudisha mfuko mezani. Hilo linaruhusiwa, kitu kikirudishwa kinauzwa upya. Mkatekista akauliza nani anaanza. Kimya kikarudi, na kilikuwa kirefu. Mume wangu alinishika mkono, nami nikamshika wake, ili yeyote kati yetu asiuinue.

Mtu wa chukudu hakuwa ameenda kukaa. Alisimama pale pale katikati, na nikaona kwamba anatafuna. Uzi wa mfuko ulikuwa umelegea. Njiani, akivuka kanisa, alikuwa ameonja mzigo wa watu, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akameza. Akaingiza mkono ndani ya soksi, akatoa noti mbili za franka zilizokunjwa kunjwa.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya kutumwa," akasema. "Hii ni yangu miye."

Hakuna aliyeongeza. Ilikuwa bei ndogo kuliko zote za asubuhi ile. Akauchukua mfuko, na safari hii hakumpelekea mtu.

Tulimkuta nje, amekaa juu ya mawe meusi kando ya chukudu yake, anakula. Binti yangu alitupita mimi na baba yake bila kutusalimia, akaenda kusimama mbele yake, mikono nyuma. Mtu wa chukudu alimaliza aliyokuwa nayo mdomoni kwanza.

"Utapika tena lini?" akamuuliza.

"Siku ya sita, Jumamosi," akajibu binti yangu, haraka mno.

Nikasogea, nikanyoosha mkono nionje moja, maana katika mambo yote yale sikuwa nimeonja. Mtu wa chukudu aliuhamisha mfuko upande wa pili wa goti.

"Pole mama," akasema. "Hizi zilishauzwa."