Shamba Nililolifagia

Harufu ya magunia yaliyoloa ndiyo iliyoniamsha asubuhi nyingi mwaka ule, kwani baba aliviringishia humo miche yake ya midimu na kuilaza ukumbini mwa nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Alikuwa Bwana Shamba, bado yumo kwenye majaribio ya kazi. Kitabu alichokipenda kilieleza maisha ya Mjerumani wa karne iliyopita aliyewafundisha wakulima, akawafungulia shule, hata akakabidhiwa kilimo cha jimbo zima. Baba alitusimulia habari zake kama za jamaa aliyesafiri. Mimi, binti wa miaka kumi niliyefuta daftari mpaka karatasi ikatoboka, nilipenda picha zake: mashamba safi, hakuna jani chini.

Fumba, kijiji alichopangiwa baba kujaribu miche hiyo, ni mawe matupu. Bi Mize, aliyetuazima kiwanja, alimwonyesha baba vishimo vyenye udongo, kisha akafunika mizizi kwa majani makavu na makumbi ya nazi. Baba akataja kitabu. Bi Mize akacheka. "Bwana Shamba, jua la hapa halijasoma." Baba akakubali, akaniacha kwa Bi Mize likizo ile nimwagilie miche. Baada ya wiki tatu mkubwa wake angekuja kuamua kama baba athibitishwe kazini, na kama Fumba yote igawiwe miche.

Siku chache baadaye bintiye Bi Mize alijifungua Chukwani, naye akaenda kumlea, nikawa nalala kwa jirani. Hapo ndipo penye aibu yangu. Mgeni anakuja, nami nimelelewa kufagia uwanja kabla ya mgeni. Nikachukua ufagio wa chelewa, nikafagia shamba kila asubuhi, majani, makumbi, hata udongo laini, mpaka miche ikasimama kwenye weupe wa mawe uliotulia kama ndoto. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo. Majani ya miche yalipojikunja nikamwagilia zaidi. Yalipokauka nikarudisha makumbi yote mahali pake, nikanyamaza.

Mkubwa alitazama, akasema ardhi haifai. Baba akahamishiwa ofisini kunakili barua, na kile kitabu hakukifungua tena. Majuto ni mjukuu; wangu nimemlea miaka kumi na mitano.

Mwezi uliopita nilimweleza baba. Aliweka kikombe chini.

"Ripoti ya kwamba ardhi haifai niliiandika mimi," akasema. "Bi Mize aliniambia ardhi yake nzuri, nikambishia."

Siku hizi Fumba wana shule na barabara, lakini ndimu bado wananunua mjini. Ukiwauliza kwa nini hawapandi, watakujibu kwa upole kwamba Bwana Shamba mmoja alishajaribu.