Kitufe Chenye Chembe ya Jiwe

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida, Persis alikuwa mbele ya kompyuta kabla chai haijachemka. Mokua, mumewe, alivuta kigoda akaketi kuliani kwake. Hapo ndipo palikuwa pake.

Persis alichapa mitihani ya hesabu ya shule za Marani. Mashine yake haikuchorewa alama za hesabu; iliandikiwa majina yake, na kila jina lilitanguliwa na kijiti kilichoegemea nyuma. Kijiti na neno, unapata kipeo. Kijiti na neno jingine, unapata pembe. Tangu kisukari kitie ganzi vidole vya Persis vya mkono wa kulia, kijiti kilikuwa cha Mokua. Yeye shule hakuiona, kusoma hajui. Alibandika chembe ya jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago, juu ya kitufe cha kijiti, kidole kisipotee.

"Kijiti," Persis alisema. Mokua akabonyeza. "Tena. Usilale, baba Nyanchama."

"Nitalalaje na wewe unanadi kama uko sokoni?"

Lakini uso wa Persis ulikuwa umevimba, na pumzi zilikuwa fupi. Mokua alitaka wateremke Kisii, hospitali.

"Twende sasa."

"Nikimaliza."

Mwalimu Omwenga alikuwa kibarazani akingoja karatasi; wanafunzi walikuwa wamekwisha kaa darasani. Marani nzima hakukuwa na mwingine wa kuichapa.

Karatasi ikatoka. Omwenga akairudisha.

"Mama, swali la faida limeishia njiani."

Walikuwa wamesahau kijiti mbele ya alama ya asilimia. Bila kijiti, alama hiyo humeza maneno yote yanayoifuata kwenye mstari.

Persis akacheka. "Haya, kidole cha nani kililala?"

Wakaanza kuzitafuta asilimia moja moja. Persis alikuwa akihema. Mokua akasikia pikipiki inapanda barabarani, akainuka kuiita. Persis akamshika shati kwa mkono mzima. Akaketi. Pikipiki ikapita.

Omwenga aliondoka na karatasi safi. Walipopata pikipiki nyingine jua lilikuwa kali, na Persis hakufika Kisii akiwa hai.

Mokua bado huketi kwenye kigoda kile, kompyuta imezimwa. Majirani wakimwita wakachume majani chai, huinuka nusu, kisha huketi tena. Humsikia Persis alivyosema akiwa ameshika shati lake:

"Baba Nyanchama, usiondoke. Bado kijiti kimoja."