Taa ya Kulia

Mke wangu alijifunza kuendesha gari Bujumbura, ambako magari hupita upande wa kulia. Tulijuana Kigoma, yeye akija kununua bidhaa na mimi nikiendesha lori, na miaka yote tuliyoishi pamoja usukani ulikuwa wangu. Yeye alikaa pembeni akimenya machungwa. Kisha madaktari wakaniambia nina presha ya macho, na wa mwisho wao, kijana mpole sana, akanitaka niache kabisa kuendesha. Nilibishana naye kana kwamba leseni nilipewa na yeye.

Wakati huo tulikuwa tumesharudi kwetu Mkunya, huku Newala, kwenye mikorosho ya marehemu baba na kwa mama yangu, ambaye bado anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Pikapu ndiyo iliyotulisha. Tulishusha mihogo na mbaazi Masasi, tukapanda na chochote watu walichotuagiza. Sasa dereva hayupo. Shemeji zangu wa Burundi wakampigia simu dada yao, wakasema njooni, nyumba ipo. Tukapatana hivi: mke wangu ajaribu barabara zetu. Akiweza, tunabaki. Akishindwa, pikapu inauzwa na tunahamia kwao. Mimi sikutaka kuhama hata kidogo. Yeye hakusema anataka nini.

Nilimweleza mama kwamba mkwewe gari analijua vizuri, ila kwao amezoea kulia.

"Kazoea kulia?" mama akauliza. "Nani kamliza?"

Neno likazunguka Mkunya. Asubuhi akiwasha gari, majirani walimuuliza kama leo analia au amenyamaza. Alicheka nao, maana si mtu wa kununa. Lakini kabla ya kuingia barabarani nilimwona akigusa goti lake la kushoto, kujikumbusha upande. Mara nyingine alifungua mlango wa abiria, akakaa, akashangaa usukani umekwenda wapi. Akitaka kukata kona aliwasha waipa badala ya taa, kioo kikakwanguliwa na jua linawaka.

Siku tuliyoshuka Masasi kwa mara ya kwanza nilikaa kwa abiria nikiwa mwalimu, na nakiri nilikuwa mwalimu mwenye kelele. Tulipopita kibao cha hamsini aliniuliza hiyo hamsini inaishia wapi, kwa sababu hakuona kibao kingine.

"Nyumba zikiisha," nikamwambia.

"Huku nyumba haziishi."

"Basi na hamsini haiishi."

Nikamfundisha na yale yasiyoandikwa popote. Gari linalokuja likikupepesea taa mchana kweupe, mbele kuna trafiki. Dereva akitoa kiganja dirishani akawa anakandamiza hewa, punguza mwendo. Alishika haraka. Masasi alipaki sokoni kwa mara moja tu, tukauza, tukanywa chai, na mimi nikaanza kuhesabu mambo ya kumwambia mama jioni.

Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi Newala tulikuta lori limebeba salfa ya mikorosho, linakwenda kama linahesabu mawe. Tulilifuata kwa muda mrefu, harufu imejaa kwenye pikapu. Dereva wa lori akawasha taa ya kulia. Mimi nikatulia, kwa sababu kwetu lori likikuwashia taa ya kulia linakwambia usipite, mbele kuna gari. Mke wangu akakanyaga mafuta, akatoka kulipita.

Basi dogo lilikuwa linashuka. Nilisikia breki zake kabla sijaliona. Mke wangu akarudi nyuma ya lori, sijui kwa upenyo gani, na sote tukasimama kasoro lori, ambalo liliendelea kupanda. Dereva wa basi akateremka, akaja dirishani. Hakutukana.

"Mama, shikamoo," alisema. "Si umewashiwa ya kulia? Mbona unapita?"

"Marahaba. Ndiyo maana nilipita."

Yule dereva akanitazama mimi. Ndipo nilipoelewa. Kwao lori likiwasha ya kulia linasema najibana ukingoni kwangu, wewe pita. Ya kushoto ndiyo inayokataza. Alikuwa ameisoma taa vizuri kabisa, kwa lugha ya barabara nyingine.

Juu ya mlima alisimamisha gari, akashuka, akakaa kwenye jiwe. Nilimweleza tofauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tafuta mnunuzi," akasema. "Nitalifikisha nyumbani tu, halafu basi. Siwezi kuua watu wa kwenu."

Nilimfikiria mama na jiko lake.

Tukaendelea. Barabara ilikuwa imenyooka na tupu, lakini ghafla alipunguza mwendo, akashusha gia, akawa anatambaa.

"Mbona unasimama?" nikauliza.

"Majani."

"Majani gani?"

Baada ya kona tukakuta trekta limekatika ekseli, limeziba njia upande wetu. Aliwasha taa, akalizunguka taratibu, akawasalimu waliokuwa chini yake. Kisha akaenda mbele kidogo, akaegesha, akazima injini.

"Walikuwa wamekata matawi wakayapanga chini, upande wako, mpaka kwenye kona," alisema. "Hata kwetu gari likiharibika wanafanya hivyo. Nilidhani umeyaona kabla yangu."

Akanyoosha mkono kando ya uso wangu. "Mkono wangu uko wapi?"

Nilitazama mbele na sikuuona. Akausogeza polepole, akausogeza tena, na ulipotokea ulikuwa karibu na pua yangu. Nilikuwa nikijiambia kuwa yule daktari ana haraka, kwamba mtu anayeona barabara iliyo mbele yake anaona vya kutosha. Niliogopa kuliko nilivyoliogopa lile basi.

Pikipiki ikapita na mzigo wa kuni, aliyeipanda akatuuliza kama tumeharibikiwa, mke wangu akamjibu hapana.

"Huko kwetu utaanza kujifunza milango na ngazi wakati huoni," alisema. "Hapa pote ulishapaona. Mama yako ukimsikia unajua kakaa wapi. Hatuuzi gari."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Kwenu je?"

"Kwetu nitakwenda kusalimia."

Akawasha gari, akaangalia kioo, akaangalia nyuma, akakaa hivyo bila kuondoka.

"Nieleze upya ishara zenu," akasema. "Zote, moja moja, leo na kesho na keshokutwa. Wakati bado unaziona."