Kidole cha Shangazi

Tangu maradhi yamnyang'anye sauti, shangazi mshonaji husema kwa kidole. Kidole huelea juu ya ubao wa picha kama jani juu ya maji, na mpwa wake aliyezichora hukidaka njiani: "Maji? Dawa? Umechoka?" Hajamwacha amalize neno hata mara moja. Shangazi hufumba macho tu.

Leo mteja wake wa siku nyingi amelalamika, "Dada, gauni umelipunguza, linanibana!" Mpwa akataka kujibu, shangazi akamshika mkono. Kidole kikaelea, kikatua kwenye picha ya sahani ya chakula, kikahamia polepole kwenye ile ya kiganja kinachokataza.

Mteja akaangua kicheko. "Mchokozi wewe! Kumbe bado umo!"

Mabega ya shangazi yakatikisika. Mpwa akafunga mdomo, akangoja neno linalofuata.