Bakuli la Bi Kaltham Lililokwenda Japani

Siku walipohamia Ibra, Omani, kutoka Unguja, Mahfoudha alikuwa na miaka saba, na alitembea kwa miguu yake kutoka garini hadi mlangoni, jua limemuwakia utosini. Kilichobebwa siku ile ni bakuli. Mama yake, Bi Kaltham, alilipakata safari nzima, limefungwa kanga mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Lilikuwa bakuli la kauri, jeupe, lina maua ya buluu na kifuniko chake, Bi Kaltham alipewa na mama yake siku ya harusi. Lilikaa kabatini mwaka mzima. Lilitoka siku moja tu, sikukuu ndogo, likatiwa tambi, likaoshwa, likarudi.

Mahfoudha alisoma darasa sita, akaolewa, akazaa watano, akawalea. Kila Jumatano, miaka ishirini na zaidi sasa, hukaa katika soko la wanawake la Ibra akauza vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, jirani na Amna muuza nguo. Hana kelele za biashara. Akitaka mteja hufunua kawa kidogo, harufu ya hiliki ikatoka, basi.

Mwezi wa Januari Rahila, mkuu wa jumuiya ya wanawake, alimjia nyumbani.

"Jumatano tuna wageni, da Mahfoudha. Wajapani sita na Wamarekani sita, wanawake watupu."

"Hao wamekutana wapi?"

"Miji yao miwili imeunga udugu, mwaka wa arobaini huu. Hutembeleana. Na kila baada ya miaka kidogo husafiri pamoja kwenda mahali pengine, wote wawe wageni. Mwaka huu wametuchagua sisi."

"Mji na mji huungaje udugu? Nani anayekwenda kumposa mwenziwe?"

"Wewe tengeneza vileja," Rahila akasema, "maswali waulize wao."

Jumatano ile Mahfoudha alichelewa. Mjukuu wake alikuwa na mafua, hataki kushuka mgongoni, ikawa vileja vinachomwa kwa mkono mmoja. Vilipoiva akatafuta chombo cha maana cha kuwawekea wageni. Vyake viwili vilikuwa kwa Amna, kimoja kilikwenda harusini na hakijarudi. Bi Kaltham, anayeishi nao, amelala tangu alfajiri. Mahfoudha akafungua kabati polepole, akalitoa bakuli. Saa mbili tu, alijiambia, kabla hajaamka litakuwa limesharudi.

Wageni walikuwa na mkalimani wao, Shihab, kijana wa Maskati mwenye adabu zake. Lakini soko lile wanaume hawaingii, naye akaambiwa langoni asubiri na dereva. Kwa hiyo humo ndani watu walizungumza kwa mikono.

Mjapani mmoja alikuja akachutama mbele ya mkeka. Mfupi, wa makamo, kofia ya kitambaa kichwani. Jina lake Hisae, alijigusa kifua akalitaja. Alitafuna kileja, akafumba macho, akasugua vidole kama mtu anayepima unga. Mahfoudha akachota punje za mchele kwenye mfuko wa jirani akamwonyesha. Hisae akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake. Mwenziwe Mmarekani, Loretta, mrefu, anayecheka kabla hajaelewa, hakuuliza unga wa nini. Alikula vinne.

Honi ya basi ikalia, wanakwenda mji wa Nizwa. Furaha ikampanda Mahfoudha kichwani. Akavikusanya vileja vilivyobaki, ishirini, akavitia katika bakuli, akafunika, akampa Hisae vya njiani. Akamwonyesha bakuli, akamwonyesha mdomo, kisha akazungusha mkono kutoka mbali ukarudi kifuani kwake: kuleni, halafu nirudishieni. Rahila yumo ndani ya basi, jioni atalileta.

Hisae alilipokea kwa mikono miwili, akainama. Alikuwa ameelewa vizuri sana.

Jioni Rahila alirudi mikono mitupu.

"Bakuli li wapi?" Mahfoudha akamuuliza.

"Nilimwomba, wallahi. Wenyewe walikuwa wanaelekea Maskati, uwanja wa ndege. Nikamwonyesha kwa mkono, nipe. Kalikumbatia. Nikamwita Shihab amuulize, akasema amejibu neno moja tu: bado."

"Bado nini?"

"Sijui. Nikaona haya kumnyang'anya mgeni."

Mahfoudha naye aliona haya. Rahila alikuwa na anwani zao zote, lakini mtu umempa chakula kwa hiari yako, halafu umwandikie kudai chombo? Hilo hakuwahi kuliona likitendeka kwao. Akanyamaza. Rajabu ikesha, Shaabani ikesha. Akawa yeye ndiye anayefuta vumbi kabati lile kila Ijumaa, hata mama yake akamwambia, "We mtoto umeingiwa na usafi uzeeni."

Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, Bi Kaltham akasema, "Nitolee bakuli langu, nilioshe mwenyewe."

Mahfoudha akakaa chini. Akasema yote, tangu mafua ya mtoto hadi neno bado. Miaka hamsini na kitu anayo, sauti ikamtoka kama ya yule wa miaka saba.

Bi Kaltham alikuwa akivuta tasbihi. Akasimamisha kidole.

"Lilikwenda na kitu?"

"Vileja ishirini."

"Kalipokea kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili, mama."

"Basi."

"Basi vipi, mama?"

"Basi nipe maji nitawadhe." Alipokwisha kutawadha akaongeza, "Lisiporudi sikulaumu. Nitanyamaza tu."

Hilo ndilo Mahfoudha aliloliogopa. Kunyamaza kwa mama yake alikujua. Kuliwahi kukaa miaka miwili, na sababu ilikuwa pazia.

Siku mbili kabla ya sikukuu, alasiri, binti yake Wiam akaingia na boksi kubwa kifuani.

"Mama, mzigo yako imekuja posta."

"Mzigo wako umekuja," Bi Kaltham akamsahihisha kutoka kwenye mswala.

"Si wangu bibi, ya mama."

Bi Kaltham akamwangalia, akaona bora aendelee na tasbihi yake.

Wakalifungua juu ya mkeka. Taulo, karatasi, taulo nyingine, halafu maua ya buluu. Mahfoudha hakuligusa. Alilisogeza kwa mama yake, ambaye macho yamepungua nguvu lakini vidole havijapungua. Vidole vikazunguka ukingo hadi penye pengo dogo la zamani, karibu na ua la tatu.

"Ndilo," akasema.

Lilikuwa limejaa hadi kifuniko hakikai: biskuti nyembamba za mchele upande mmoja, matofaa makavu upande wa pili. Na barua ya Kiingereza. Wiam akaisoma akiigeuza Kiswahili, polepole, akisaidiwa hapa na pale.

"Anasema, samahani nimechelewa. Siku ile Nizwa bakuli lilikuwa tupu, na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mkobani nilikuwa na sabuni ya hoteli peke yake, nikasema bado. Nyumbani nikatia vya kwetu. Halafu nikakumbuka kuwa Loretta alikula vinne, nikalipeleka Marekani naye atie chake. Mama zetu walianza hivyo, sahani moja kwenda, sahani moja kurudi, mpaka miji ikaunga udugu."

Mahfoudha aliziba mdomo kwa ushungi akacheka hata machozi yakamtoka. Alizungusha mkono mwenyewe siku ile, kutoka mbali ukarudi kifuani. Yeye alikuwa anafikiria Nizwa.

"Hamna mvinyo humo?" Bi Kaltham akauliza.

"Hamna, bibi. Kabandika karatasi. Mchele, chumvi, mwani."

"Mwani? Shangazi zako kule Paje wanaulima, sijasikia hata mmoja aliyeutia mdomoni."

Lakini magharibi, baada ya tende na kahawa, alikula biskuti tatu, na tofaa akalinyonya taratibu kwa kuwa meno hayamtii. Mahfoudha akaliosha bakuli, akalikausha, akalielekeza kabatini.

"Unalipeleka wapi?"

"Mahali pake, mama."

"Likafanye nini huko? Limekuja na vitu vya watu wawili. Chukua anwani kwa Rahila, uchome vileja, na vya huyo mrefu uzidishe."

"Na tambi za sikukuu?"

"Zitie kwenye bakuli la plastiki. Tambi hazijui."

Siku ya nne ya sikukuu Wiam aliwasha gari kwenda posta. Akafungua mlango wa nyuma ili boksi likae kitini. Mahfoudha hakumpa. Alikaa mbele, akafunga mkanda, akalipakata.