Mabawa Arudi Angani, Majirani Waficha Mikono

"Iliserereka!"

"Ilizunguka, dada. Kuserereka ni kwenda mbele."

"Ulionea wapi? Si ulikuwa chooni?"

"Chooni kuna dirisha!"

Ni saa mbili asubuhi. Kwenye uzio wa kiwanja kidogo cha ndege, fundi cherehani na jirani yake muuza mkaa wanabishania ajali ya miezi mitano iliyopita. Mwenye ajali yuko hatua chache tu kutoka kwao, anakagua matairi ya ndege yake ya viti sita huku akicheka. Ni rubani mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtaani wanamwita Mabawa.

"Wote wako sawa," anasema. "Ilizunguka, ikaserereka, ikaenda kulala kwenye mahindi ya watu."

Hakuumia mtu. Ila pangaboi la puani lilipinda, na leseni ikasimamishwa. Leo anapimwa upya. Akishindwa, ndege anapewa mwingine.

Kwa miaka tisa amebeba dawa na vifurushi, na kila akitua, majirani hujipanga uzioni kumpungia mkono. Naye huwapungia. Siku ile alipunga mapema mno.

"Magurudumu yamegusa, nikajiona nimefika," anasimulia. "Kumbe bado nakimbia, upepo unanipiga ubavuni, mkono uko dirishani, miguu imesinzia kwenye pedali. Mkia ukataka kutangulia kichwa!"

Tangu hapo ameosha ndege za wenzake, na jioni amefanya mazoezi jikoni, amekaa kitini, kila mguu juu ya ndala yake kama pedali. Mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa upepo.

"Kazi yangu kusukuma kiti," mume anasema. "Siku moja nikamwangusha. Chakula sikukiona."

Mkaguzi, mzee wa miwani na maneno machache, anapanda. Ndege inapaa. Inapogeuka kurudi, fundi cherehani anatoa amri: "Mikono mifukoni! Asiye na mfuko, aikalie!"

Upepo unakatiza njia. Ndege inashuka bawa moja chini. Gurudumu linagusa, kisha la pili. Pua inayumba kulia, muuza mkaa anafumba macho. Pua inarudi katikati. Mwendo unapungua, unapungua, unakwisha. Injini inazimwa, na bado hakuna aliyenyanyua hata kidole.

Mkaguzi anashuka na karatasi zake.

"Hawa wa uzioni vipi? Wamefungwa mikono?"

Anapoelezwa, anacheka mpaka miwani inamteleza. Kisha anasaini. Uzio unalipuka kwa vigelegele.

Keshokutwa Mabawa anarudi kazini. Baadaye anataka kufundisha marubani wachanga. "Kuruka watajifunza kwa wengine," anasema. "Kwangu waje kwa zile mita mia mbili za mwisho tu."

Muuza mkaa keshamshika mkaguzi mkono.

"Baba, unasimama juani kama huna watu? Nyumba ile pale, sahani ziko mezani. Ingia ule."

"Kwake jiko halijawaka, baba!" fundi cherehani anadakia. "Njoo kwangu, na rubani wako mlete. Pita ndani, pita."